Safari ya Kifaru Ndani ya Ukungu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za bati, masufuria na magari, Kifaru alikuwa na gari jekundu la mbio. Lilikuwa fupi, limelala chini kama kobe, na lilimbana mbavu kwelikweli. Kwenye paa alilitoboa tundu ili pembe yake ipate pa kutokea.

Kifaru alilipenda gari lile kuliko usingizi. Lakini siku moja, barabarani, kitu kilimpita vuuuuu! Macho ya vifaru hayaoni mbali, kwa hiyo hakujua ni nani mpaka aliposikia kicheko.

"Angalia usiote mizizi hapo, bwana mkubwa!"

Kumbe ni Nyati, ndani ya gari lake. Tangu siku hiyo, Kifaru akawa anakula bila kushiba.

Jirani yake alikuwa Digidigi, mdogo, miguu kama vijiti. Kila asubuhi alichota maji nyuma ya nyumba ya Kifaru, kwenye chemchemi aliyoichimba mama yake Kifaru kwa pembe, mwaka wa ukame mkubwa. Mama yule alisema, "Mwenye kiu asiulizwe jina." Maji mengine yalikuwa mtoni tu. Na mtoni kulikuwa na Mamba, na Digidigi alikuwa na mtoto mmoja.

Basi asubuhi moja, Digidigi akiwa ameinama na kibuyu chake, alisikia sauti ya Fundi Fisi uani.

"Dawa ya Nyati ni turbo!" Fisi alisema. "Ni feni ndogo, moshi wa gari unaizungusha, nayo inaishindilia injini hewa. Ukikanyaga mafuta, vuuup! Umeshafika."

"Nitakulipa nini?" Kifaru aliuliza.

"Nipe mabati ya nyumba."

"Mvua itaninyeshea!"

"Nipe pembe."

"Ala! Pembe ni uso wangu, fundi!"

Fisi akajikuna sikio polepole. "Basi nipe kile kidimbwi cha nyuma. Kesho jua likipanda naleta turbo, halafu nazungusha uzio. Atakayetaka maji, atanunua."

Kibuyu kilimponyoka Digidigi. Pwaa! Alisubiri Kifaru aseme hapana. Kifaru akalipapasa gari lake, akasema, "Kesho jua likipanda."

Fisi alipokwenda zake, Digidigi alijongea. Sauti aliituliza.

"Jirani, sokoni ukinunua chungu, unafanyaje kwanza?"

"Nakigonga. Ngo, ngo. Kikiwa na ufa, kitasema."

"Mbona mbio unanunua bila kuzigonga?"

Kifaru akakodoa macho. "Mbio zinagongwaje, dada?"

"Alfajiri nitakutilia turbo ya kuonja. Hulipi kitu. Ukiipenda, mpe Fisi atakacho. Ila anayeonja, jirani, aonje na bei pia."

"Nitaonja vyote!" Kifaru alisema, naye hakuuliza zaidi.

Alfajiri ilipofika, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kama kawaida ya kilima walichoishi. Ulikuwa mweupe, mzito, laini kama maziwa ya mgando. Kifaru alikuwa bado anakoroma. Digidigi alitoa jeki kwenye buti la gari, akaipachika chini. Ka, ka, ka. Jeki ina utu, wanangu: humwezesha mdogo kumwinua mkubwa. Magurudumu ya nyuma yaliponing'inia, akasukumia mawe makubwa chini ya gari, kisha akambishia Kifaru mlango.

"Amka! Turbo tayari. Na hizi karanga za njiani, nimezikaanga mwenyewe."

Zilikuwa na chumvi, karanga zile! Kifaru alijibana garini na Digidigi kando yake, akatafuna konzi nzima, akakanyaga mafuta.

Vruuuum!

Upepo wa asubuhi ulivuma kutoka bondeni. Ukungu ukaanza kukimbia pembeni mwa madirisha, kwanza vipande vipande, kisha mito mizima ya weupe. Miti ilichungulia ikapotea. Gari lilitetemeka, likaimba. Kifaru akahisi mwili wake wote mzito umekuwa unyoya.

"Tuko wapi?" alinong'ona.

"Tunapita shamba la Nyati." Digidigi aligonga mlango kwa kwato zake, tiki-taka, tiki-taka. "Msikie, anatufukuza!"

"Nimempita?"

"Zamani!"

Kifaru alicheka kama mtoto. Wakapita, kwa maneno ya Digidigi, milima saba na ziwa lililolala. Wakapita mahali mawingu yanapokwenda kupumzika. Hata Digidigi, akitazama ule weupe ukipita, alisahau kidogo kwamba hawaendi popote.

Kifaru alitafuna karanga nyingine. Na nyingine. Ulimi ukawa kama gome.

"Dada, turudi nyumbani. Nina kiu."

"Kata kona. Haya, nyoosha. Simama. Tumefika."

Injini ikanyamaza. Ndani ya ukungu, karibu kabisa, maji yalisikika: chwe, chwe, chwe.

"Ah, maji yangu!" Kifaru alisema.

Digidigi aliruka nje, akabana pua, akakoroma kama Fisi. "Nani huyo? Hapa pana uzio. Leta malipo kwanza!"

"Fundi, ni mimi Kifaru. Naomba tone moja."

"Hata nusu!"

"Alichimba mama yangu, fundi."

"Mama yako alichimba, wewe ukanipa. Kalambe turbo yako!"

Digidigi alisubiri hasira, amejiandaa kukimbia. Badala yake alisikia kitu kikidondoka kwenye usukani. Top. Top. Kifaru alikuwa analia.

Digidigi akaachia pua. "Jirani," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "hakuna Fisi. Hakuna uzio. Njoo unywe."

Jua likachungulia, ukungu ukajikunja kama mkeka. Kifaru akatoka garini, akaiona nyumba yake. Akaiona chemchemi. Akageuka, akaona magurudumu ya nyuma yakining'inia hewani, gari limekalia mawe.

"Kwa hiyo sikwenda popote?"

"Hata hatua moja."

Kifaru akavuta pumzi ndefu. Digidigi akafumba macho. Halafu, ho! ho! hoooo! Kicheko kilitikisa mabati ya nyumba. Kifaru akainama, akanywa, akanywa tena.

Mara Fundi Fisi akatokea, turbo inang'aa mikononi, waya wa uzio begani.

"Rudi nayo, fundi," Kifaru alisema, maji yakimtiririka kidevuni. "Nimeshakwenda, na nimesharudi."

"Wewe! Nyati atakupita kila siku!"

"Apite. Ukimkuta huko mbele, mwambie akipata kiu, maji yapo, wala hataulizwa jina."

Fisi akaondoka akiburuta waya wake, kwaru, kwaru, kwaru. Naye Digidigi akakijaza kibuyu, akaenda kumwamsha mwanawe anywe.

Nanyi, wanangu, kabla hamjanunua mbio, jiulizeni kwanza mtakunywa wapi mkirudi.