Mafundo Arobaini ya Chubwi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Nimesema, paukwa!

Pakawaaa!

Haya, angalau. Sogeeni. Wewe mwenye muhogo, tafuna kimya kimya. Na nyinyi watu wazima huko nyuma, msijifanye mmewaleta watoto tu, nanyi sikilizeni. Hadithi hii inaniudhi hata sijaianza, kwa hiyo msiniongezee.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Ng'ambo ya mto walikaa mamba. Upande huu walikaa wanyama wa nyikani. Mahali pa kunywea maji palikuwa kivukoni tu, hakuna pengine.

Basi kila mwaka, kiangazi kikikaribia, yalifanywa mashindano. Mtoto mmoja wa nyikani, mtoto mmoja wa mamba. Chubwi! majini, na kuogelea moja kwa moja mpaka ng'ambo. Hatua mia za miguu ya ndege Korongo, hazizidi, hazipungui. Mtoto wa nyikani akishinda, mamba wanahama kivukoni kiangazi kizima. Akishindwa, mamba wanalala pale pale, na kila anayekuja kunywa na bahati yake.

Mwaka mmoja wa nyikani walishindwa. Mama Digidigi alipeleka watoto watatu kunywa maji. Akarudi na mmoja.

Mmesikia? Akarudi na mmoja. Sasa mtu aliyeona hayo si atachagua mwogeleaji kwa makini? Si atachagua kwa akili zake zote? Ngojeni.

Mwaka uliofuata walikuwepo watoto wawili waliojua maji, wote fisimaji. Fisimaji mnamjua, yule mwenye kichwa bapa na mkia mnene, anayekula samaki akiwa amelala chali. Mmoja alikuwa wa kiume, jina lake Chubwi, kwa namna alivyokuwa akijitupa majini. Mwingine wa kike, jina lake Kidawa. Walizaliwa msimu mmoja. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwao, maana aliyekua hakubaliwi kushindana.

Chubwi alikaa Bwawa Fupi. Kidawa alikaa Bwawa Refu. Na desturi ya nyikani ilikuwa hivi: kila mtoto ajaribiwe bwawani kwao, asije akaonewa ugenini. Desturi nzuri, sikatai. Ina huruma. Lakini huruma nayo iwe na macho!

Bi Chura ndiye aliyekuwa mhesabu muda. Alilia kwa mpangilio, hakimbizi, hachelewi. Kroo! Kroo! Kroo! Na kwa kila mlio alifunga fundo moja kwenye kamba. Mtoto akifika, Bi Chura ananyamaza, kamba inakatwa, inapelekwa barazani. Mwenye mafundo machache ndiye mwenye mbio.

Siku ya kwanza akaenda Bwawa Refu. Bwawa hilo lilikuwa hatua mia kamili. Kidawa akajitupa. Kroo! Akapiga maji, akapiga maji, akapiga maji, mkono na mguu, hana pa kushika, hana pa kupumzika. Kroo! Kroo! Akafika. Mafundo arobaini na matatu.

Siku ya pili akaenda Bwawa Fupi. Hilo lilikuwa hatua ishirini na tano tu. Kwa hiyo Chubwi aende, arudi, aende, arudi. Hatua ni mia zile zile. Akajitupa, chubwi! Kroo! Akafika ukingoni, akajikunja, akaukanyaga ukingo, pu! Akateleza fyuuu, robo ya bwawa hajapiga hata mkono. Kroo! Akafika ukingo wa pili, akajikunja, pu! Fyuuu! Ukingo wa tatu, pu! Fyuuu! Akafika. Mafundo arobaini.

Sasa wewe mtoto uliyekaa mbele hapo, hebu niambie. Nani mwenye mbio zaidi?

Eti Chubwi! Haya, kaa na wenzako wa barazani, maana ndivyo walivyosema na wao.

Baraza lilikuwa chini ya Ngiri. Ngiri alipenda mambo yaishe upesi ale. Akazinyoosha kamba mbili chini, moja kando ya nyingine. Ya Kidawa ikazidi kwa mafundo matatu.

"Imekwisha," akasema Ngiri. "Arobaini ni chache kuliko arobaini na matatu. Ataenda Chubwi. Nani ana njaa?"

Mama yake Kidawa akasimama. "Mwenyekiti, samahani. Chubwi amegeuka mara tatu. Kila akigeuka anausukuma ukingo. Ukingo unampeleka bure."

"Amekwenda hatua mia au hakwenda?"

"Amekwenda, lakini..."

"Kamba imefungwa na Bi Chura au haikufungwa?"

"Imefungwa, lakini..."

"Basi, mama, lakini ya nini? Fundo ni fundo. Au unasema fundo la Bwawa Fupi ni dogo?"

Wakacheka, kha kha kha! Wanacheka! Watu ambao watoto wao ndio watakaokwenda kunywa!

Bi Chura naye akasema, "Mwenyekiti, mimi nilikuwepo pale. Mafundo ni sawa, mabwawa si sawa. Mtoni hakuna ukingo katikati."

"Bi Chura," akasema Ngiri, "kazi yako ni kulia. Umeshalia. Asante."

Mama yake Kidawa hakukata tamaa. "Basi wapelekeni wote wawili bwawa moja. Leo hii. Ni mwendo wa asubuhi moja tu."

"Na desturi je?" akasema Ngiri. "Leo umuonee Chubwi ugenini, kesho nani? Na jua hili? Mkutano umefungwa."

Asubuhi moja tu, jamani! Watu wataka kuokoa roho za watoto wao, kutembea asubuhi moja hawawezi!

Chubwi mwenyewe alifurahi. Simlaumu. Alikuwa mtoto, na alikuwa ameogelea kwa nguvu zake zote. Aliambiwa yeye ndiye bora, akaamini.

Siku ikafika. Wanyama wakajaa ukingo huu, mamba wakajaa ukingo ule. Mzee Mamba akamtuma mtoto wake avuke aje kuanzia upande huu, taratibu, bila kelele. Bi Chura akapanda juu ya jiwe. Kroo!

Chubwi! Huyo, mbele! Kichwa chake kilimtangulia mtoto wa mamba kwa mkia mzima. Wanyama wakaruka, wakapiga vigelegele. Ngiri akageuka akamtazama mama yake Kidawa, akatabasamu meno yote.

Hatua ya ishirini na tano.

Chubwi akajikunja. Mwili wake ulijua hapo pana ukingo. Miguu ikatafuta udongo. Haikukuta udongo. Ikakanyaga maji matupu, akapinduka, akanywa maji, akakohoa. Mtoto wa mamba akampita.

Chubwi akapiga mikono, akamfikia. Hatua ya hamsini. Akajikunja tena!

"Hakuna ukingo, mwanangu!" Bi Chura akapiga kelele, akaacha kuhesabu nusu mlio, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Nenda tu! Nenda!"

Lakini mtoto hajawahi kuogelea zaidi ya hatua ishirini na tano bila kusukumwa na ukingo. Pumzi ilikwisha. Mikono ikawa mizito. Hatua ya sabini na tano akawa anaelea zaidi ya kuogelea. Mtoto wa mamba akafika kwa milio arobaini na mitano. Chubwi akafika kwa hamsini na mmoja, analia, makamasi na maji ya mto pamoja.

Na wanyama wakafanya nini? Wakamzomea! "Mvivu! Mwongo! Mafundo yako ya wizi!" Ngiri ndiye aliyezomea kuliko wote.

Mama yake Kidawa akawafokea. "Mwacheni mtoto wa watu! Yeye aliwaambia nini? Aliogelea alipoambiwa aogelee. Kamba mlizipima nyinyi."

Kidawa alikuwa amesimama pale pale, amekunja uso, machozi yamemjaa. Akaingia majini.

"Kivuko nimeshakichukua," Mzee Mamba akamwambia kutoka ng'ambo. "Ukishinda leo haikusaidii kitu."

"Najua," akasema Kidawa. "Namfuata mwenzangu. Hawezi kurudi peke yake."

Akaogelea. Hakuna aliyemwomba Bi Chura, lakini Bi Chura akalia. Kroo! Kroo! Kroo! Kidawa akapiga maji, akapiga maji, hakuna pa kushika, hakuna pa kupumzika. Akaugusa ukingo wa ng'ambo.

Milio arobaini na mitatu. Ile ile ya bwawani kwao. Miwili pungufu ya mtoto wa mamba.

Mzee Mamba akamtazama Kidawa, akawatazama wanyama, akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika.

"Huyu mlikuwa naye?" akauliza. "Mlikuwa naye, mkamwacha amesimama?"

Kiangazi kikaja. Mamba wakalala kivukoni. Sitawahesabia waliokwenda kunywa wasirudi. Mama Digidigi alimficha yule mtoto wake mmoja kwenye majani, akawa anakwenda yeye, ananywa anatetemeka, anarudi na maji mdomoni kumnywesha mwanawe. Miezi minne hivyo, kila siku.

Mwaka uliofuata baraza likakaa tena. Kidawa na Chubwi walikuwa wameshakua, hawakubaliki. Palikuwa na watoto wengine wawili, mmoja wa Bwawa Fupi, mmoja wa Bwawa Refu. Kamba zikaletwa. Ngiri akakohoa kama mwenye busara.

"Ndugu zangu, tumejifunza," akasema. "Kumbe Bwawa Fupi linapunguza mafundo matatu. Kwa hiyo mwaka huu, kwa haki, kila mtoto aongezewe mafundo matatu."

"Kila mtoto?" akauliza Bi Chura.

"Kila mtoto. Hatutaki upendeleo."

Wote wawili! Aliwaongezea wote wawili! Jamani, nishikeni. Na wengine walikuwa wanatikisa vichwa kukubali!

Hapo Mama Digidigi akasimama. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Tangu azaliwe hakuwahi kusema barazani.

"Mwenyekiti, wewe chagua unavyotaka," akasema. "Pima kwa kamba, pima kwa majani, pima kwa meno yako. Mimi nina ombi moja. Kiangazi kikija, siku ya kwanza, wewe na watoto wako mtangulie kunywa. Sisi tutafuata nyuma."

"Sawa!" wakasema pundamilia.

"Sawa kabisa!" wakasema wote. "Mwenyekiti atangulie!"

Ngiri akazitazama kamba mbili pale chini. Akazitazama sana. Njaa ilikuwa imemtoka. Kisha akainuka, mkia juu, akaanza kutembea.

"Mwenyekiti, unakwenda wapi?"

"Bwawa Refu," akasema Ngiri bila kugeuka. "Waleteni watoto wote wawili. Upesi, kabla jua halijawa kali."

Basi, wadogo kwa wakubwa, hilo ndilo nililotaka mlisikie. Usiwapambanishe watoto wawili kwa hesabu walizozipata mahali pawili tofauti. Kwanza uliza kila mmoja alipita wapi. Ukishindwa kujua, inuka uwapeleke mahali pamoja uone kwa macho yako. Na usimzomee mtoto kwa kosa la aliyempima.

Hadithi yangu inaishia hapo hapo kwenye njia ya Bwawa Refu. Ambaye hajaelewa asiniulize mimi, nimechoka, amuulize aliyekaa naye.