Penalti Ambayo Haikupigwa

"Kinachohema kiulize kabla ya kukizima." Mmeisikia leo kwa fundi wa pampu, mkaja kuniuliza imetoka wapi, maana haimo katika zile mlizofundishwa shuleni. Ni methali changa, wajukuu zangu, na aliyeitamka kwanza nilimfahamu. Ilianza hivi.

Huko Kyela, miaka ile akili mnemba ilipokuwa bado ngeni maofisini, palikuwa na redio ndogo iliyoitwa Lukwego. Mitambo yake ilikuwa mikononi mwa binti mmoja, Subilaga, na meneja wake alikuwa Bwana Mwaipasi. Ndani ya kompyuta ya studio Subilaga alikuwa na msaidizi wa akili mnemba aliyepanga nyimbo na kusafisha sauti. Shida ni kwamba msaidizi huyo alikuwa kama mpishi aliyefungwa macho: alijua jiko linawaka, hakujua vyungu gani viko motoni. Basi wiki ile Subilaga akampa chombo kipya, programu ndogo ya kumwonyesha kila kazi inayoendeshwa na kompyuta kwa wakati huo, nani aliiwasha, inakula nguvu kiasi gani na inashughulika na nini.

Ikafika fainali ya kata. Uwanja ulikuwa bondeni, kando ya mto, na watu walijaa hadi kwenye mistari ya chokaa. Ambakisye, mtangazaji, alikuwa palepale uwanjani. Sauti yake ilisikika kwenye spika za uwanja na kwenye kila redio mjini. Mabao yalikuwa mawili kwa mawili. Dakika za mwisho kabisa mwamuzi akaonyesha penalti, na Kyela nzima ikasimama.

Hapo ndipo matangazo yakaanza kukatika. Neno moja linapita, la pili linamezwa. Simu za studio zikalia zote kwa pamoja. Kompyuta ilikuwa inavuma kama mashine ya kukoboa, na Bwana Mwaipasi, jasho likimtoka, akasema chochote kinachoila nguvu kizimwe mara moja. Hakuwa na kosa; mji mzima ulikuwa unamngoja.

Subilaga naye kidole kilikuwa tayari. Aliiona kazi moja imemeza karibu nguvu yote ya kompyuta. Lakini hakuitambua, na jambo hilo likamzuia. Akamwuliza msaidizi ile ni kazi gani.

Msaidizi akatazama kwa kile chombo chake, akajibu, "Iliwashwa na watu wa idara ya maji. Inapokea vipimo vya kina cha mto kutoka milimani. Kwa kawaida kipimo huja mara moja kwa saa. Sasa vinakuja mfululizo, na kila kimoja kimezidi kilichotangulia. Niizime?"

"Usiizime," Subilaga akasema. "Nisomee cha mwisho."

Aliposomewa, akamgeukia meneja akamwambia mto umefurika huko milimani na maji yanashuka. Ndipo Bwana Mwaipasi akakumbuka kwamba idara iliwahi kuomba kuweka programu yao pale, kwa kuwa redio ndiyo iliyokuwa na umeme wa uhakika. Fundi wao akahamishwa, na habari ya programu hiyo ikasahaulika. Kyela jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mbali na macho ya watu.

Hawakubishana. Subilaga akazima muziki, matangazo ya biashara na kila kitu kingine, akauacha mto na sauti ya Ambakisye tu. Meneja akamwambia Ambakisye kwa simu, "Mwanangu, iache penalti. Maji yanakuja. Wapandishe watu barabarani."

Mpigaji alikuwa amekwisha kuuweka mpira. Ambakisye akasema kwenye spika yale aliyoambiwa, na watu wakamzomea. Wengine walidhani amenunuliwa na wapinzani. Akaweka kipaza sauti mdomoni tena, akasema, "Mimi naondoka hapa. Mke wangu na wanangu wako jukwaani, nawachukua, naondoka nao." Akawachukua, akaelekea barabarani akitembea haraka, mtoto begani. Hilo lilitosha. Kipa akaukumbatia mpira akakimbia, mpigaji nyuma yake, kisha uwanja mzima ukapanda mlima, wazee wakibebwa migongoni.

Walikuwa barabarani, wengine wakiendelea kulalamika, waliposikia ngurumo. Mto ukaingia uwanjani kama ng'ombe waliovunja zizi. Goli la upande wa chini likang'oka na nyavu zake. Hakuna aliyelalamika tena. Watu walihesabiana ukoo kwa ukoo, na hakupotea hata mmoja. Kelele za furaha zilizopigwa pale barabarani, hakuna bao lililowahi kupigiwa mfano wake.

Subilaga alipoulizwa ilikuwaje hakuizima, alijibu kwa maneno machache, na wanawake wa sokoni wakayachukua hadi yakafika kwenu. Penalti ile bado inagombaniwa mpaka leo, nani angeshinda. Lakini mtu akija mlangoni anahema, Kyela hatumwambii anyamaze. Tunasogea, tunamsikiliza. Kinachohema kiulize kabla ya kukizima.