Uzi Kiunoni mwa Chui

Hapo zamani za kale, zamani zile fisi alipokuwa akifagia uwanja wake na kobe akipiga pasi nguo za kutokea, ilifika sikukuu ya mavuno. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, maana hadithi hii si ya kusikilizwa mdomo ukiwa umejaa.

Mwaka huo Chui aliwaalika wanyama wote kwake. Nyumba yake ilikuwa chini ya mwamba, mahali jua halifiki na ndege hawalii. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Wote walikuwa wamesikia harufu ya samli.

Mlangoni, Chui alimfunga kila mgeni uzi wa ukindu kiunoni.

"Karibuni, kuleni! Atakayekula mpaka uzi wake ukatike, huyo ndiye mgeni wa heshima. Ataingia chumba cha ndani, alale kwenye godoro la sufi mpaka sikukuu iishe."

Wakala, jamani! Maandazi yanayochuruzika mafuta, wali wa nazi, halua, na sharubati tamu mpaka meno yanauma. Pimbi peke yake, mdogo kuliko wote, alichukua mchicha na kipande cha boga, akanywa maji, kisha akatoka uani kunyoosha miguu.

"Mtazameni anavyojinyima!" akacheka Ngiri, mjomba wake. Ngiri huyo ndiye aliyemlea Pimbi tangu mama yake alipokufa, na Pimbi alimpenda sana.

"Sijinyimi, Mjomba. Nimeshiba."

"Umeshiba nini wewe? Shibe ni mpaka hapa!" Ngiri akajigusa kooni.

Mara, ta! Uzi wa Mzee Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, ukakatika.

Vigelegele vikapigwa. Pofu akaingia chumba cha ndani akicheka kwa raha, mlango ukafungwa nyuma yake. Kicheko chake kikakatika katikati.

"Amelala," Chui akasema haraka. "Shibe hiyo."

Wageni walipoanza kuaga, Pimbi alizunguka nyuma ya nyumba. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Akaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa na joto, na ndani kitu kilikuwa kikipumua. Huuu... huuu...

"Chui," ikasema sauti ya taratibu, "Pofu alikuwa mnono. Kesho nataka mwingine."

"Utampata, Bibi Chatu," akajibu Chui, na meno yake yalikuwa yakigongana.

"Macho yangu yamekufa, lakini masikio ninayo. Nikisikia uzi umekatika, najua chakula kimeiva. Nisiposikia, nitamla mwenye nyumba."

Pimbi akajibandua ukutani. Alikimbia mbio mpaka kwa Ngiri.

"Mjomba, usirudi kesho! Kile chumba kina Chatu! Pofu ameliwa!"

"Wivu huo," akasema Ngiri huku akijipapasa kiuno. "Uzi wangu umebaki kidogo tu ukatike. Unataka nikose godoro la sufi?"

Pimbi alisihi, akalia, akaapa. Ngiri akajifunika shuka akaanza kukoroma.

Kesho yake Ngiri alikuwa wa kwanza kufika kwa Chui. Masinia yalikuwa yameshatengwa. Kabla mtu hajanyoosha mkono, Pimbi aliruka juu ya kinu kilichofudikizwa.

"Jamani! Jana hatukumwona mwenyeji akionja chakula. Sisi tulifundishwa kwamba mwenyeji huonja kwanza, atoe uchawi. Au desturi imekufa?"

Wageni wakaguna. Kweli kabisa! Mikono yote ikarudi mapajani.

Chui aliutazama mlango wa ndani. Wageni wasipokula, hakuna uzi utakaokatika. "Nitaonja," akasema.

"Kila sinia," akasema Pimbi. "Na mwenyeji naye avae uzi! Atakaaje kiuno kitupu katikati ya wageni wake?"

Wote wakacheka na kushangilia. Pimbi akamfunga uzi yeye mwenyewe, akaukaza mpaka Chui akavuta pumzi.

Chui akaonja maandazi. Akaonja wali.

"Hapo umelamba tu, Bwana Chui!" akapiga kelele Pimbi. "Uchawi hautoki kwa kulambwa. Meza!"

"Meza! Meza!" wakaitikia wageni wenye njaa.

Chui akameza. Halua, vitumbua, sharubati, tena wali. Tumbo likatuna, macho yakamtoka.

"Basi, jamani, nimesha..."

Ta!

Ngiri alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Hongera, Bwana Chui! Chumba cha heshima hicho, ingia!"

"Mimi mwenyeji bwana," Chui akasema kwa sauti nyembamba. "Nakupa wewe nafasi yangu."

"Aka! Uzi uliokatika ni wako. Nenda kalalie sufi."

"Siingii mle! Siingii!"

Makofi ya Ngiri yakakoma.

"Kwa nini?" akauliza polepole. "Na Pofu yuko wapi?"

Kwiiii... Mlango wa ndani ukafunguka, na hakuna mkono ulioufungua.

"Nimesikia," ikasema sauti kutoka gizani. "Leo umeniletea mapema."

"Bibi, ni mimi! Ni Chui!"

"Kila anayeletwa huwa na jina lake," ikajibu sauti.

Chui akataka kuruka, tumbo likamkatalia. Wageni wakatimka, wakikanyaga masinia na kugongana mlangoni. Ngiri alihema kama mvukuto, miguu haimwitikii, na Pimbi akamsukuma kwa nyuma kwa nguvu zake zote. "Kimbia, Mjomba! Kimbia!" Kule nyuma ukasikika mngurumo mmoja, kisha kimya.

Walipofika nyumbani Ngiri alikaa chini, akalia machozi kabisa.

"Mwanangu," akamwambia Pimbi, "mimi ningeingia mle nikicheka."

Basi watoto, lishikeni hili: karamu ni ya wote, lakini tumbo ni lako peke yako, na likisema basi, ni basi.