Digidigi na Kura ya Matopeni

Nikiita, mtaitika?

Tutaitika!

Nimebeba kisa.

Kitue!

Kikiwa kizito?

Tutakusaidia kukibeba!

Basi, zamani, zamani za mbali, wanyama walipokuwa na Bunge lao na kila mmoja akijua kusema, palikuwa na Digidigi na mkewe. Mkewe aliitwa Sikudhani.

Asubuhi moja walikuwa wakila majani ya mkole. Sikudhani alikula kijiti chake mpaka katikati, akayaacha majani yaliyobaki. Ndivyo alivyofanya kila siku.

"Nusu yako hiyo," alisema. "Usije ukasema sikukubakizia."

"Umenibakizia majani magumu," alisema Digidigi.

"Magumu ndiyo yenye utamu. Kula, mume wangu, unaongea sana."

Akacheka, akatangulia kwenda bwawani kunywa maji, kwa kile kinjia chao chembamba. Mambo ya kawaida yaliishia hapo.

Aliporudi kutoka bwawani, Kifutu alikuwa amelala njiani. Kifutu ni nyoka mnene, mvivu, asiyependa kuamshwa. Akamuuma Sikudhani mguuni.

Dawa ya nyoka alikuwa nayo Nguchiro peke yake, na Nguchiro alikaa ng'ambo ya Korongo, lile bonde la mto wa msimu. Digidigi akakimbia. Akakimbia, akakimbia, akakimbia. Alipofika ukingoni akakuta maji. Kwao hapakuwa na mvua hata tone, lakini ilikuwa imenyesha milimani, na Korongo lilikuwa limejaa ukingo kwa ukingo, maji mekundu yakiviringisha magogo.

Digidigi akaita, "Nguchiro! Mke wangu ameumwa na Kifutu!"

Nguchiro akajibu kutoka ng'ambo, "Dawa ninayo! Nipite wapi?"

Digidigi akatazama upande wa juu, hapakuwa na njia. Akatazama upande wa chini, hapakuwa na njia. Wakasubiri, mmoja huku, mmoja kule, wakitazamana. Jua lilipoanza kushuka, maji yakapungua. Nguchiro akavuka na dawa mdomoni. Wakakimbia pamoja, wakafika pamoja. Wakamkuta Sikudhani amekwisha kufa.

Digidigi akamzika.

Zikabaki nyayo. Karibu na bwawa, mahali penye unyevu, kwato za Sikudhani zilikuwa zimeacha alama njiani, na udongo ulipokauka alama zikakauka nao. Zilikuwa nyayo thelathini na mbili. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kunywa maji, Digidigi alipita pembeni, kwenye miiba, asizikanyage.

Jirani yake, Bi Swala, akamwona.

"Shemeji, mbona unapita miibani na njia ipo?"

"Nimezoea tu, shemeji."

Bi Swala hakumwuliza tena hilo. Alikuwa na mimba, na alikuwa na swali jingine.

"Mwanangu atazaliwa masika. Mkunga wangu ni huyo huyo Nguchiro. Korongo likijaa, itakuwaje?"

Digidigi alifikiri siku ile nzima. Basi swali lile akalipeleka Bungeni.

*

Bunge la wanyama lilikaa mchana, kando ya bwawa. Spika alikuwa Bi Mbuni, kwa sababu shingo yake ilimwezesha kuwaona wote. Waziri wa Njia alikuwa Tembo. Karani alikuwa Kanga, na kazi yake ilikuwa kuhesabu kura.

Sasa sikilizeni namna walivyopiga kura. Palikuwa na kiwanja cha matope. Anayesema ndiyo alipita matopeni akielekea mawio. Anayesema hapana alipita matopeni akielekea machweo. Wakishapita wote, Kanga aliziangalia nyayo, akahesabu. Na ilikuwa desturi, kwa heshima, wadogo watangulie na wakubwa wapite mwisho.

Digidigi akasimama. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja. Tujenge daraja juu ya Korongo kabla ya masika."

Nyani akapiga kelele kutoka nyuma, "Futa machozi kwanza, ndipo utoe hoja!"

"Haya si machozi, Mheshimiwa. Ni doa langu la kuzaliwa, hili jeusi chini ya jicho. Baba yangu alikuwa nalo pia."

Wabunge wakacheka, na Nyani akacheka nao.

Tembo akasimama. Aliposimama yeye, kulikuwa na kivuli mpaka safu ya tatu. "Mheshimiwa Spika, Serikali ina mpango wake. Tunapanua Barabara Kuu ya kwenda kwenye magadi, kule tunakolamba chumvi. Nguvu tuliyonayo ni moja, na masika yako karibu. Tukijenga daraja, barabara haijengwi. Tena hilo Korongo ninalijua. Mimi hulivuka kila mwaka. Maji hunifika gotini."

"Gotini kwako, Mheshimiwa," alisema Digidigi. "Kwangu hupita juu ya masikio."

"Tutafanya upembuzi yakinifu," alisema Tembo, akakaa.

Wakapiga kura. Wadogo wakapita, wakubwa wakapita. Kanga akazunguka matope, akahesabu.

"Ndiyo, saba. Hapana, kumi na mbili. Hoja imeanguka."

Wadogo wakatazamana. Pimbi akamnong'oneza Ngiri, "Saba tu? Wewe ulielekea wapi?"

"Mawio! Na wewe je?"

"Mawio."

Wakarudi nyumbani, kila mmoja akidhani jirani yake ni mwongo.

*

Wiki ya pili Digidigi akarudi na hoja ile ile.

Safari hii daraja lilipata marafiki, na marafiki wakalichelewesha kuliko maadui. Twiga alitaka liwe refu kwenda juu, lisimkwaruze shingo. Nyani alitaka lijengwe jimboni kwake, ingawa jimboni kwake hakuna mto. Fisi alisimama akauliza iwapo wajenzi watapewa chakula, na kama kitakuwa na mifupa.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" alisema Nyani. "Mheshimiwa Fisi anaongea huku anadondosha mate kwenye hansadi."

"Mheshimiwa Nyani, kaa chini," alisema Spika.

"Nimekaa, Mheshimiwa Spika. Mimi nikisimama ndivyo hivi hivi."

Wakabishana juu ya jina la daraja mpaka jua likageuka. Kisha wakapiga kura. Wadogo wakapita, wakubwa wakapita.

"Ndiyo, tano," alisema Kanga. "Hapana, kumi na mbili. Hoja imeanguka."

Wote wakaondoka. Digidigi hakuondoka. Kwa mwezi mzima alikuwa akizitazama nyayo thelathini na mbili, na sasa alizijua nyayo kama wengine wanavyozijua nyuso. Akainama juu ya matope, akaangalia polepole, hatua kwa hatua.

Penye ukingo wa unyayo wa Tembo aliona alama ya kidole cha Kanga. Kidole kimoja tu. Vingine vilikuwa vimefunikwa chini yake. Penye ukingo wa unyayo wa Nyati aliona nusu ya kwato ya Ngiri. Katikati ya unyayo wa Kifaru hakuona kitu, lakini alikumbuka kwamba Pimbi watatu walipita pale.

Akamwita Kanga. "Dada Karani, wewe mwenyewe ulipiga kura?"

"Nilipiga. Ndiyo."

"Ulijihesabu?"

"Mimi huhesabu kinachoonekana, kaka," alisema Kanga.

"Basi njoo uone."

Kanga akaja, akakiona kidole chake mwenyewe. Akakipima kwa mguu wake, kikaenea sawasawa.

*

Wiki ya tatu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika milimani. Bi Swala alikuja kukaa kwenye nyasi za wageni. Alikuwa mzito sasa, hakuweza kukaa vizuri wala kusimama vizuri.

Digidigi akatoa hoja yake kwa maneno machache. Kisha akasema, "Mheshimiwa Spika, kabla ya kura naomba mwongozo wako. Wakubwa wetu hupita mwisho. Je, hiyo ni heshima?"

"Ni heshima," alisema Spika. "Desturi ya siku nyingi."

"Mimi ni mdogo, naomba nifundishwe. Mheshimiwa Tembo akienda malishoni, hutangulia au hufuata?"

"Natangulia!" alisema Tembo. "Nani atatangulia mbele yangu?"

"Na Mheshimiwa Nyati je?"

"Natangulia."

"Basi mbona hapa, mbele ya wananchi wote, mnatembea nyuma ya Pimbi? Mgeni akipita leo, atadhani Pimbi ndiye bwana, na ninyi mmembebea mizigo."

Mara kwenye nyasi za wageni mtu mmoja akacheka. Alikuwa Bi Swala.

Nyati akakoroma. "Mimi? Nimbebee Pimbi mizigo?"

Twiga akasema, "Lakini kanuni..."

"Kanuni niliiweka mimi," alisema Tembo. "Na leo naibadilisha. Sisi tutangulie."

Wakubwa wakatangulia, wakielekea machweo, vichwa juu. Tembo akapita, Kifaru akapita, Nyati akapita, na wenzao wote. Matope yakabaki na mashimo makubwa, mapana kama masinia.

Ndipo wadogo wakapita. Pimbi, Ngiri, Sungura, Kanga, Nguchiro na ndugu zao. Mmoja mmoja, wakielekea mawio, waliingia kwenye sinia moja wakatoka, wakaingia kwenye jingine. Wa mwisho alipita Digidigi.

Kanga akazunguka matope. Alizunguka mara ya kwanza, akahesabu. Akazunguka mara ya pili, akahesabu. Akazunguka mara ya tatu, akatangaza.

"Hapana, kumi na mbili. Ndiyo, arobaini na moja."

"Kura zimeongezwa!" alipiga kelele Fisi.

"Zimeongezwa kutoka wapi?" alisema Nyani. "Wabunge ni wale wale. Hata mimi leo nimejiona, na sikumbuki lini nilijiona mara ya mwisho."

Tembo alirudi matopeni, akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka jicho likawa karibu na ardhi. Ndani ya unyayo wake mwenyewe aliona nyayo tisa.

"Hizi zilikuwapo siku ya kwanza?" aliuliza.

"Zilikuwapo, Mheshimiwa," alisema Digidigi.

"Na siku ya pili?"

"Na siku ya pili."

"Kwa nini hamkusema?"

Pimbi akajibu kutoka kwenye jiwe lake, "Tulisema, mzee. Ulikuwa umesimama juu yake."

Wote wakangoja Tembo akasirike. Tembo akapumua kwa nguvu, akauinua mguu wake, akautazama chini yake kama kitu ambacho hakuwahi kukiona. Kisha akamgeukia Digidigi.

"Hilo Korongo. Nionyeshe mahali uliposimama siku ile."

Wakaenda wote. Digidigi akamwonyesha. Pale ukingoni palikuwa na mkuyu mkubwa uliokwisha kukauka. Tembo akauegemea kwa paji lake, akasukuma mara ya kwanza, ukalia. Akasukuma mara ya pili, ukainama. Akasukuma mara ya tatu, ukaanguka, na kilele chake kikalala ng'ambo. Muhanga akachimba njia ya kupandia huku na huku. Nyani na jamaa zake wakafunga matawi kwa kamba za miti, wakigombana juu ya kila fundo. Kwa siku tatu walifanya kazi, na siku ya tatu Nguchiro akavuka, akarudi, akavuka tena bila sababu yoyote.

Tembo alisimama kando akitazama. "Daraja hili halitanibeba mimi," alisema.

"Halitakubeba, Mheshimiwa," alisema Digidigi. "Lakini wewe maji yanakufika gotini tu."

Tembo akacheka mpaka ndege wakaruka.

Basi, wenzangu, hili ndilo la kushika. Anayepanga njia za nchi aanze kwa kuuliza ni nani asiyeweza kupita. Na mwenye mguu mkubwa autazame ulipo kabla ya kusema kwamba hakuna aliyemjibu.

Na Digidigi je?

Ngojeni, sijatua.

Kesho yake asubuhi manyunyu ya kwanza yalikuwa yakianguka, na Korongo limeanza kuvuma. Bi Swala alikuja mlangoni kwa Digidigi akihema. Siku yake ilikuwa imefika. Digidigi alikuwa akila majani ya mkole. Alikula kijiti chake mpaka katikati, kinachobaki akamsogezea.

"Nusu yako hiyo, shemeji. Kula, upate nguvu. Magumu ndiyo yenye utamu."

Wakaondoka, yeye mbele, Bi Swala nyuma. Walipofika karibu na bwawa, penye nyayo thelathini na mbili, Digidigi akasimama. Kushoto palikuwa na miiba. Kulia palikuwa na miiba. Bi Swala akasimama nyuma yake.

Digidigi akaweka mguu katikati ya njia. Akaweka wa pili, akaweka wa tatu.

"Nifuate hapa hapa, shemeji," alisema. "Njia ni hii."

Akatembea juu ya njia ile yote, mpaka darajani.

Kisa changu kimevuka.

Na sisi tumevuka nacho!