Aliyeliopoa Gari Mtoni

Alikuwepo Korogwe mpishi wa harusi, Bi Mwanaidi, aliyeuziwa gari na tajiri Msabaha. Mvua ya kwanza ilibandua rangi, viraka vya bati vikajitokeza. Akataka arudishiwe pesa zake.

"Gari halijapata ajali, kadi yake safi!" Msabaha alifoka. "Toka!"

Kesho yake Bi Mwanaidi alirudi akitabasamu. "Sikuja kugomba. Kuna mgeni analitafuta gari alimofia baba yake mtoni. Aliyeliopoa, kama bado analo, atapewa shamba la mkonge. Nikamwambia langu silo."

"Ndilo!" Msabaha aliruka. "Nililiopoa mimi! Chukua pesa zako, nirudishie!"

"Basi mwandikie barua, nimpelekee. Eleza yote, hadi kadi ulivyoibadilisha, asije akadhani ni jingine."

Msabaha alimrudishia pesa, akachukua gari, akaandika, akatia sahihi na kidole gumba juu yake. Akangoja wiki nzima, kanzu imepigwa pasi, kisha akamwendea.

"Mgeni wako haji?"

"Mgeni gani?" Bi Mwanaidi aliuliza, akigeuza pilau.

"Mwongo mkubwa! Nipe barua yangu!"

"Nimeitunza, baba. Siku utakayompata mnunuzi wa gari lile, niite nije nimsomee."