Makochi ya Bi Mwanashee

Hapo zamani za makochi yasiyokaliwa, na nyinyi mnaonong'ona huko nyuma nyamazeni, alikuwapo mjane wa Siyu akiitwa Bi Mwanashee. Nyumba yake ilikuwa kongwe, ya mawe na chokaa, na sebule yake ndogo hivi kwamba mgeni akinyoosha miguu, mwenyeji hukunja yake. Siku aliyokwenda Faza kumuuguza dada yake, aliwaita wanawe watatu.

"Nitengenezeeni nyumba," akawaambia. "Atakayenifanya nikae kwa raha, ufunguo wa nyumba ni wake."

Loo, watoto wakaingia kazini! Kombo, kifungua mimba, alikumbuka magoti ya mama yanavyomuuma akiinuka mkekani. Akaleta makochi, seti nzima, na mlango wa nakshi ulipokataa kuyapitisha, akaung'oa. Mwanajuma alifuma vitambaa mpaka macho yakavimba: cha kochi, cha redio, na cha kufunika kitambaa kingine. Famau, kitinda mimba, alisikitika kuona vikombe vya arusi vya mama vikila vumbi, akaleta kabati la vioo. Kabati likakosa nafasi. Basi kitanda cha mama kikagawiwa watu na mkeka wake ukatupwa, maana kabati lina heshima yake, mama ana nini?

Bi Mwanashee akarudi, amechoka. Alipotaka kukaa, Mwanajuma akamdaka mkono, ati kochi ni la wageni. Alipotaka kikombe chake anywe chai, Famau akamsihi asivuruge mpango wa kabati. Akauliza alale wapi. Mabingwa wa mapambo, hilo halikuwa limewapitia akilini.

Akatoka, akaketi barazani kwenye sakafu tupu, akalia. Jirani yake, Bi Riziki, akaja na mkeka, akamtandikia, akamletea chai ya tangawizi katika kikombe kisicho na mkono. Bi Mwanashee akajinyoosha, akastarehe. Kisha akapapasa ukingo wa mkeka, akautambua mshono wake mwenyewe. Bi Riziki aliuokota jaani siku uliyotupwa, na tangu hapo alikuwa akiulalia, ametulia kabisa.

Wanawe walipomwona kastarehe, mbio wakaja kudai ufunguo. Mwanajuma akaonyesha macho yake mekundu. Famau akakumbusha kwamba hakuna kikombe kilichovunjika.

"Nani mwingine aliyeyafikiria magoti yako, mama?" akasema Kombo.

"Mimi sina la kudai," akasema Bi Riziki, ambaye kumbe analo. "Ila raha uliyoipata, mwenzangu, umeipata juu ya mkeka niliokutandikia mimi."

Bi Mwanashee akaugeuzageuza ufunguo kiganjani. Mlango wake umeegemezwa ukutani uani, na palipokuwa na mlango pananing'inia kitambaa.

Haya, nyinyi mnaojua sana kupamba nyumba za watu, nijibuni: ufunguo huu apewe nani?