Kaburi Lililokuwa Likikua

Asiyeuliza hupamba kichuguu. Shangazi yenu amewarushia maneno hayo kule makaburini, nanyi mmenijia na brashi za chokaa mikononi mnataka kujua yametoka wapi. Hayakutoka mbali, yamezaliwa katika ukoo huuhuu. Kaeni, chukueni visu mmenye ndizi nikiwasimulia. Mdomo wangu haufanyi kazi peke yake.

Zamani kama sasa, kila Desemba ukoo ulirudi huku chini ya mlima, kila mtu na alikotoka, kufyeka makaburi, kuyapaka chokaa na kuyapandia maua. Msimamizi alikuwa Mzee Ndekirwa, baba wa babu yenu. Alikuwa amefanya kazi ya reli Tabora mpaka mvi zikamwota, na aliporudi alikuta nyasi zimemeza kila kitu. Kaburi la babu yake alilitambua kwa jiwe. La bibi yake, Anasia, halikuwa na jiwe, ila kando palikuwa na tuta la udongo lililoinuka vizuri. Akasema, bibi huyu hapa. Nani angembishia mzee?

Tuta likapakwa chokaa na kuzungushiwa maua. Mwaka uliofuata likaonekana limeinuka zaidi, na mwaka mwingine zaidi tena. Ukoo ukavimba kichwa! Wakawa wanawaambia majirani kwamba bibi yao ana baraka, ndiyo maana kaburi lake linakua. Majirani waliitikia kwa adabu, wakaenda kuchekea kwao.

Mtu mmoja tu hakuwahi kulisogelea lile tuta. Alikuwa Aikande, shangazi yake Ndekirwa, mtoto pekee wa Anasia aliyekuwa bado hai. Wenzake wakipaka chokaa, yeye alikwenda kukaa nyuma kule penye nyasi, akapanda mche mmoja wa sale, mmea wetu wa mipakani na makaburini. Na kila mwaka vijana waliotoka mjini, wasioweza kutofautisha sale na mchaichai, waliung'oa wakati wa kufyeka. Naye mwaka unaofuata hupanda mwingine. Watu walisema uzee umemzidi, wakamwacha.

Basi ukafika mwaka ambao wanaume waliamua kulijengea kaburi la bibi kwa saruji, na pale nyuma pasawazishwe pawe pa kuegesha magari ya wageni. Aikande aliposikia hivyo, hakula siku nzima. Alikwenda kukaa palepale pake, akashika nyasi kwa mikono miwili.

Mwaka huo alikuwepo Minza, Msukuma wa Shinyanga, mke wa mtoto wa Ndekirwa, ndiyo kwanza kaolewa. Kila kitu cha kwetu kilikuwa kipya kwake, na macho yake hayakubanduka kwenye lile tuta. Fundi alipoanza kukoroga saruji, Minza akapiga goti mbele ya mkwewe.

"Baba, naomba kuuliza. Makaburi ya kwetu huzama. Hili linapandaje?"

Ndekirwa akamjibu kwamba ni baraka. Minza akainamisha kichwa, lakini swali lilikuwa bado linamwasha.

"Kwetu kuna kitu kinachopanda hivyo kila mwaka, baba. Mvua ikinyesha tunakiendea na beseni, tunakinga kumbikumbi."

Ndekirwa alichukua jembe mwenyewe, akabandua chokaa upande mmoja. Mchwa wakamwagika wakitafuta pa kujificha, na fundi akaweka koleo lake chini. Mzee wa watu alisimama pale hajui aangalie wapi. Minza alimhurumia, akamgeukia bibi aliyekaa nyasini.

"Bibi, hapo unapokaa amelala nani?"

Aikande alilia kwanza. Alilia mpaka wanawake wakamshika, ndipo akasema, "Mama yangu. Fukueni hapa kichwani. Baba alimwekea mafiga yake matatu."

Wakafukua kwa mikono. Mafiga yakatokea yote, bado meusi upande uliokuwa ukipata moto.

"Shangazi," Ndekirwa akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka ule uliporudi. Ukasema mama alipozikwa nilikuwa mtoto mdogo, ningejua nini. Nikanyamaza, nikawa nangoja mtu aniulize."

Ndekirwa aliinuka. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akakata sale, akarudi nalo, akampa shangazi yake kwa mikono miwili. Mnajua wenyewe kwamba mtu akikuletea sale kuomba msamaha, humkatalii. Lakini Aikande alilitazama kwa kitambo, watu wakaanza kuogopa. Kisha akalipokea, akalipanda kichwani kwa mama yake, na hilo halikung'olewa tena.

Kile kichuguu waliwaachia mchwa wenyewe. Mwaka uliofuata wageni walipokuta chokaa inayobambuka juu yake wakauliza ni nini, Ndekirwa hakungoja achekwe. Alisema mwenyewe yale maneno mliyoambiwa leo.

Haya, na nyinyi. Nimewaona mkipaka lile kaburi dogo la mwisho, haraka haraka mkimbilie chakula. Ni la nani?

Hamkuuliza. Hilo ni la Aikande. Aliomba alazwe kando ya mama yake, akalazwa. Asiyeuliza, wajukuu zangu, hupamba kichuguu.